Ndege ya siri U-2: kati ya kupaa mara ya kwanza na kuingia kazini walikuwa wanapanga nini?

Neema_wa_Ugavi

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari za leo.

Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma ugavi na usafirishaji. Tumepewa kazi ya kuandika: kila mtu achague mradi mmoja mkubwa wa zamani, aeleze ulivyotoka kwenye majaribio ukaingia kazini. Wenzangu wengi wamekimbilia reli na bandari. Mimi nimeichukua U-2, ile ndege ya Marekani ya kupiga picha za siri kutoka juu sana. Baba yangu mkubwa alikuwa na gazeti la zamani lenye picha ya rubani Powers akiwa kizimbani Moscow, na tangu utotoni nilikuwa namuuliza, huyu alifanya nini?

Sasa nimekwama. Kila ninachosoma kinaeleza ndege yenyewe: mabawa marefu, injini, kamera. Halafu ghafla tunarukia 1960 inatunguliwa. Katikati hapana kitu. Nimeona kwamba ilipaa mara ya kwanza Agosti 1955, na ikaingia anga ya Urusi Julai 1956. Hiyo ni miezi kumi na moja. Ndege ipo, inaruka. Watu walikuwa wanahangaika na nini miezi yote hiyo? Mafuta yalitoka wapi, nani aliomba vibali, mafundi walilala wapi? Na mwalimu wetu ameuliza jambo moja linalonikosesha usingizi: mradi ukiwa wa siri, manunuzi yake unayafichaje?

Siombi kuandikiwa kazi. Naomba mnielekeze mahali pa kuchimba.

Fundi_Mstaafu_Tabata

Marahaba mwanangu. Umegusa jambo nililokaa nalo miaka mingi, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Nilikuwa fundi wa ndege kwa miaka 31, hapa Dar es Salaam. Miaka ya tisini kampuni niliyoitumikia ilileta ndege ya aina mpya. Sherehe ikafanyika, picha zikapigwa, marubani wakarudi kutoka mafunzoni ng'ambo wamenyooka kwelikweli. Wiki ya tatu tairi likapasuka kwenye uwanja mmoja wa kanda ya ziwa. Tairi la akiba tulikuwa nalo. Jeki ya kuinyanyulia ndege ile hatukuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kontena bandarini, karatasi zake hazijakamilika. Jeki za ndege za zamani tulizipeleka, zikafika, zikawa fupi kwa kiganja kimoja. Kiganja kimoja, Neema. Nililala chini ya bawa siku nne. Kati ya abiria alikuwepo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anawahi mazishi ya mwanawe, na hakuwahi. Sura yake ninayo hadi leo.

Tangu siku ile, nikisoma habari za ndege yoyote siangalii injini kwanza. Natafuta aliyepeleka jeki.

Anzia hapa: CIA wenyewe, shirika la ujasusi la Marekani lililoendesha mradi huu, waliifungua historia yake 1998, na 2013 wakaitoa tena ikiwa na mengi yaliyokuwa yamefunikwa mwanzoni. Ni ndefu na kavu, lakini kwa mtu wa ugavi ni shamba lililoiva.

Jambo la kwanza utakaloliona ni nani alipewa usukani. Rais Eisenhower aliuruhusu mradi Novemba 24, 1954, na aliyekabidhiwa ni Richard Bissell. Hakuwa rubani, hakuwa mhandisi. Alikuwa mchumi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi yake ilikuwa kugawa meli za mizigo, ipi iende wapi na ibebe nini, na baada ya vita akafanya kazi kwenye Mpango wa Marshall, ule msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya. Kwa maneno mengine alikuwa mtu wa fani yako. Wa kujenga ndege alikuwepo tayari, Clarence Johnson, wote wakimwita Kelly, wa kiwanda cha Lockheed pale Burbank, California. Makubaliano yalikuwa ndege 20 kwa dola milioni 22.5, na mwishoni pesa zikabaki zikarudishwa. Mimi katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona pesa zikirudishwa.

Sasa swali la mwalimu wako. Manunuzi yalifichwaje? Hundi ya kwanza, dola 1,256,000, Bissell aliiandika Februari 1955 akaituma kwa posta, si kiwandani bali nyumbani kwa Kelly Johnson. Haikupita kwa mhasibu yeyote wa kiwanda. Hebu fikiria mkewe anafungua sanduku la barua.

Vifaa vilikuwa kazi ngumu kuliko pesa. Kipimo cha mwinuko, ile saa inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, kwa wakati ule watengenezaji walikipima mwisho futi 45,000. Hawa walitaka kifike 80,000. Ukiagiza kitu kama hicho, mtu wa dirishani peke yake anajua kuna ndege inayopanda kuliko zote duniani. Ikabidi watu wa usalama watunge kisingizio kwa ajili ya agizo hilo moja, wakamwambia mtengenezaji kwamba ni kwa ndege za majaribio za roketi. Yaani kila bidhaa isiyo ya kawaida ilihitaji uongo wake, na kila uongo ulihitaji mtu wa kuukumbuka.

Mafuta ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Katika futi 70,000, karibu kilomita 21, hewa ni nyembamba mno, na mafuta ya kawaida ya ndege yangechemka na kupotea kwa mvuke kwenye tangi. Shell wakatengeneza mafuta maalumu yasiyopotea hivyo. Malighafi yake ndiyo ileile iliyotumika kutengenezea dawa ya wadudu iitwayo Flit. Wazee wenzangu mnaikumbuka fliti, ile ya bomba la mkono, mama anapuliza chumbani jioni tunafukuzwa nje tukikohoa. Basi 1955 Shell walipoanza kutengeneza mafuta ya U-2, fliti ikaadimika madukani Marekani. Akina mama wanatafuta dawa ya mbu hawaipati, na sababu ni ndege wasiyoruhusiwa kujua kwamba ipo. Mimi naona hapo ndipo jibu la mwalimu wako lilipo. Karatasi unaweza kuzificha, lakini galoni laki kadhaa za kitu zikiondoka sokoni, soko linajua.

Mahali pa majaribio walipatafuta kwa ndege ndogo wakapata Aprili 1955, uwanda wa ziwa lililokauka jangwani Nevada, Groom Lake. Kelly Johnson akapaita Paradise Ranch, shamba la peponi, ili wafanyakazi wakubali kwenda. Palikuwa vumbi tupu. Ndege ya kwanza ilifika Julai ikiwa imevunjwavunjwa vipande ndani ya ndege ya mizigo ya C-124. Agosti 1 ilikuwa ikikimbizwa ardhini tu, ikapaa yenyewe bila rubani wake Tony LeVier kukusudia, ilivyokuwa nyepesi. Safari ya kupaa kwa makusudi ilikuwa Agosti 4.

Wafanyakazi wengi waliishi California, kwa hiyo wakawa wanapelekwa na kurudishwa kwa ndege. Novemba 17, 1955 ndege ya uchukuzi ya jeshi iliyokuwa ikitoka Burbank kwenda Groom Lake iligonga mlima Charleston. Wote 14 waliokuwemo walikufa. Nakuomba hili usiliache kwenye kazi yako. Watu husimulia U-2 kama habari ya rubani mmoja aliyetunguliwa akiwa hai, lakini watu wa kwanza kufa kwa ajili ya ndege ile walikuwa abiria wanaokwenda kazini asubuhi, na familia zao hazikuweza kuambiwa walikuwa wanakwenda wapi.

Marubani nao walikuwa mpango wao peke yao. Eisenhower hakutaka mwanajeshi wa Marekani aingie anga ya Urusi, kwa sababu hiyo ingekuwa sawa na kitendo cha vita. Walijaribu kwanza Wagiriki wachache, haikufaa. Ikaamuliwa wachukuliwe marubani wa jeshi la anga, wajiuzulu kwenye makaratasi, waajiriwe kama raia, kwa ahadi kwamba wakirudi jeshini hawatapoteza cheo wala miaka. Kila mmoja akashonewa nguo yake ya kubana mwili, maana kule juu hewa ikitoka chumbani mwa rubani damu inachemka. Na kabla ya kila safari rubani alikaa kwenye kiti zaidi ya saa moja akivuta oksijeni tupu ili naitrojeni itoke mwilini. Weka hilo kwenye ratiba yako: ukitaka ndege ipae alfajiri, kuna mtu aliyeamshwa usiku wa manane kumwandaa rubani.

Kisha nchi za kuweka ndege. Kikosi cha kwanza kilikwenda Uingereza, kituo cha Lakenheath, mwishoni mwa Aprili 1956, kikiwa na ndege nne na jina la bandia la kikosi cha hali ya hewa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lakini wiki hizohizo viongozi wa Kisovieti, Khrushchev na Bulganin, walikuwa wamezuru Uingereza kwa meli, na mzamiaji mmoja, kamanda Lionel Crabb, akatumwa kwenda kuichunguza meli yao chini ya maji bandarini Portsmouth. Hakurudi. Ikawa aibu kubwa bungeni. Waziri Mkuu Eden akaogopa aibu ya pili, akaomba ndege zisirukie kutoka kwake. Kikosi kizima kikafungasha, Juni kikahamia Wiesbaden, Ujerumani Magharibi. Kazi ya mtu mwingine kabisa, ambayo Bissell hakuijua wala kuipanga, ilimhamisha nchi.

Kutoka Wiesbaden, Juni 20 waliruka juu ya Poland na Ujerumani Mashariki. Julai 4, 1956 rubani Hervey Stockman akaingia anga ya Kisovieti na kupita juu ya Leningrad. Kesho yake Carmine Vito akapita juu ya Moscow. Walikuwa wameambiwa rada za Warusi hazitaiona ndege, au zitaiona kwa taabu. Ziliiona tangu siku ya kwanza, ndege za kivita zikapandishwa kuifuata, hazikuifikia. Julai 10 lalamiko rasmi la Warusi likatua Washington, na Eisenhower akazisimamisha.

Sasa lile ninalotaka ulibebe. Kisingizio cha mradi wote kilikuwa hali ya hewa. Mei 7, 1956 taasisi ya utafiti wa anga, iliyoitwa NACA, ilitoa tangazo kwamba kuna ndege mpya inayochunguza upepo na mawingu ya juu, inafika futi 55,000. Namba ya kweli ilikuwa 70,000. Kikatungwa vizuri. Lakini wakati kinajadiliwa, washauri wawili wa Rais, James Killian na Edwin Land, waliuliza: ndege ikianguka ndani ya nchi ya adui, tutasema nini? Ushauri wao ulikuwa kwamba wasikane, waseme wazi kuwa wanapiga picha kujikinga na shambulio la ghafla. Pendekezo likawekwa kando ili lifanyiwe kazi baadaye. Halikufanyiwa kazi tena.

Watu waliofikiria fliti, saa ya mwinuko, sanduku la barua na usingizi wa rubani, walikubali kuliacha hilo moja bila jibu kwa miaka minne. Mei 1, 1960 Francis Gary Powers akaondoka Peshawar, Pakistan, kuelekea Bodø, Norway, na kombora likaishusha ndege yake karibu na Sverdlovsk. Marekani ikatoa kisingizio kilekile cha kabatini: ndege ya hali ya hewa, rubani alipata matatizo ya oksijeni juu ya Ziwa Van, Uturuki. Khrushchev akanyamaza kwanza, akawaacha waseme yote. Mei 7 akatangaza kwamba rubani ni mzima na anaye. Kisingizio kilikuwa kimeandikwa kwa rubani aliyekufa.

Mwanakheri_Unguja

Asalaam aleikum. Mzee wa Tabata, nimesoma mara mbili.

Naomba niongeze kipande kinachotugusa sisi. NACA ndiyo iliyogeuka kuwa NASA mwaka 1958. Kwa hiyo Mei 1960 waliosimama mbele ya dunia na kusema ni ndege ya hali ya hewa walikuwa NASA. Walichukua hata U-2 moja wakaipaka alama za NASA wakawaonyesha waandishi wa habari kule California, ili ionekane kweli ni yao.

Mwaka huohuo 1960, Oktoba, Marekani na Uingereza zikakubaliana kujenga kituo cha NASA hapa kwetu Unguja, Tunguu, cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu anga za juu. Kilikuwa kituo cha kweli cha anga. Mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa kwenye mlolongo wa vituo vilivyomfuatilia. Lakini wako waliokipinga tangu mwanzo, wakisema ni kambi ya kijeshi iliyofunikwa shuka. Marehemu babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na shamba la mikarafuu si mbali na pale, na alikuwa akituambia kwamba alimuuliza bwana mmoja mzungu, "Kama ni nyota tu, kwa nini pana uzio?" Nilipokuwa mdogo nilidhani babu hajui mambo. Sasa naona alikuwa anasikiliza redio. Mtu aliyesikia mwezi Mei kwamba ndege ya hali ya hewa ilikuwa ya ujasusi, kwa nini mwezi Oktoba aamini minara ya nyota?

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondoke, na mwaka huohuo kikaondolewa, kazi yake ikahamia Madagaska. Neema, kwenye hesabu za mradi wako weka na hii: waliazima jina la watu wa sayansi, na watu wa sayansi ndio waliolipa, mbali kabisa na Moscow.

Hamadi_Muscat

Salaam kutoka Muscat. Mimi ni wa mizigo ya ndege, nimezaliwa Tanga, nipo huku mwaka wa kumi na nane.

Mzee ameeleza vizuri ya kwanza. Neema, kama una nafasi linganisha na ndege iliyofuata ya CIA, A-12, maana ni watu walewale baada ya kujifunza. Hii haikutegemea kwenda juu pekee, ilikimbia zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti. Ilipaa mara ya kwanza Aprili 1962. Ganda lake lilikuwa titani, na sehemu kubwa ya titani hiyo ilinunuliwa Urusi kupitia makampuni ya katikati. Muuzaji alikuwa anauza chuma cha kumpelelezea.

Lakini mpango wa kuipeleka kazini ndio ninaotaka uuone. Uliitwa Black Shield, na kituo kilikuwa Kadena, kisiwani Okinawa. Kufikia vuli ya 1965 walikuwa wameshatumia dola milioni 3.7 kuandaa kituo, ndege yenyewe haijakanyaga. Ndege hii ilitumia mafuta yake peke yake, si ya ndege nyingine, kwa hiyo mafuta yalitangulizwa na ndege maalumu za kuijazia angani zikaandaliwa. Mwanzoni ilihesabiwa kwamba tangu amri itoke hadi ndege iwe tayari kazini ni siku 21. Wakafanya mazoezi ya kufungasha na kuhama, wakazipunguza hadi 15.

Halafu ruhusa ikakosekana. Mwaka mzima na zaidi wakubwa wanabishana Washington, mzigo uko ghalani. Kwa sisi watu wa mizigo huo ndio mtihani, kukaa tayari bila kujua siku. Rais Johnson aliruhusu Mei 16, 1967. Mei 17 mizigo ikaanza kuruka. Mei 22 A-12 ya kwanza ikatoka Nevada hadi Okinawa bila kutua, saa sita na dakika chache. Ya pili Mei 24. Ya tatu ilipata hitilafu, ikatua kisiwa cha Wake, ikamalizia kesho yake, na hata hilo lilikuwa limepangiwa: mafundi wake walitumwa wakaitengeneza. Mei 31 safari ya kwanza juu ya Vietnam Kaskazini, saa tatu na dakika 39, ikarudi na picha za vituo 70 kati ya 190 vya makombora vilivyojulikana.

Siku kumi na tano, tangu amri hadi picha. Nimewahi kusubiri kontena moja la vipuri siku arobaini na mbili kwenye bandari ambayo sitaitaja, kwa sababu ya muhuri mmoja. Ndiyo maana nikisoma ratiba ile naisoma taratibu, mstari kwa mstari.

Neema_wa_Ugavi

Jamani, sijui niseme nini. Mzee wangu wa Tabata, habari ya yule mama aliyekuwa anawahi kuzika nimeisoma na machozi. Da Mwanakheri, kaka Hamadi, nawashukuru mno. Nimeshaanza kuisoma ile historia, nimefika kwenye hundi.

Naomba mawili tu, kisha nitawaacha. La kwanza: picha zenyewe. Ndege imerudi, filamu iko ndani, nani anaipokea na inakwenda wapi? Maana mwalimu atasema mnyororo wa ugavi hauishii kwenye kupaa. La pili: mzee, wewe ni fundi. Kama ungekuwa pale Wiesbaden, kazi yako ingekuwa ipi hasa? Nataka kumwona mtu mmoja wa chini kwenye karatasi yangu, si wakubwa peke yao.

Fundi_Mstaafu_Tabata

La filamu kwanza. Kamera kubwa waliyoiita B ilibeba filamu mbili kwa pamoja, kila moja ndefu kiasi cha kilomita moja na nusu na zaidi. Ziliwekwa zikizunguka kinyume, moja ikielekea mbele na nyingine nyuma. Sababu ni uzito. Ndege ile ni nyepesi kiasi kwamba filamu ingehama yote upande mmoja wakati wa kupiga picha, pua ingeinama. Ndege ikitua, filamu inasafirishwa Marekani kusafishwa, kisha inafika kwa Arthur Lundahl na wasomaji wake wa picha. Ofisi yao ilikuwa ghorofani kwenye jengo la Steuart, Washington, mtaa wa kawaida, chini yao kuna duka la magari. Bissell alianza kumwandaa Lundahl kabla ndege haijamaliza majaribio, kwa sababu ukianza kutafuta wasomaji siku picha zinafika, umechelewa.

Hapo weka alama: waliandaa mwisho wa mnyororo mapema kama walivyoandaa mwanzo. Tena picha za kiangazi kile cha 1956 zilifanya kazi yake. Marekani ilikuwa imeogopa kwamba Warusi wana ndege za mabomu nyingi kuliko zake. Marubani walipita juu ya viwanja vilivyotajwa, hawakuzikuta kwa wingi uliodhaniwa.

Sasa mimi Wiesbaden. Nimecheka na kufurahi uliponiuliza, maana ni swali nililojiuliza mwenyewe.

U-2 haina magurudumu ya kushoto na kulia kama ndege uliyozoea. Ina seti mbili tu chini ya tumbo, moja mbele na moja nyuma, kama baiskeli. Mabawa ya zile za wakati ule yalikuwa na upana wa futi 80 toka ncha hadi ncha, na yakijaa mafuta yanalegea yanainama kuelekea chini. Kwa hiyo kabla ya kuruka, fundi anachomeka chini ya kila bawa mguu mmoja wa chuma wenye kigurudumu. Ndege inakimbia, mabawa yanapata hewa yananyanyuka, miguu ile inachomoka yenyewe inaanguka kwenye njia ya kurukia. Kuna mtu wa kuikimbilia na kuiokota. Hiyo ingekuwa kazi yangu asubuhi.

Mchana, au jioni, inarudi. Rubani amekaa amebanwa ndani ya nguo ile saa nane, pengine tisa, na ndege haitaki kutua, inaelea tu juu ya lami, inabidi aikatishe nguvu ikiwa chini kabisa ndipo ikubali kukaa. Inapunguza mwendo, inapunguza, na rubani anaendelea kuyalinda mabawa yasiguse mpaka mwendo unapoisha. Ndipo bawa moja linalala taratibu hadi ncha yake, iliyovishwa chuma cha kusugulia, iguse ardhi. Sasa ndege imesimama imeegemea upande mmoja kama jahazi maji yakipwa. Haiwezi kwenda popote. Injini ya mamilioni, kamera, filamu ya Leningrad ndani yake, na haiwezi kwenda popote.

Gari linakuja mbio na mafundi. Wawili watatu wanaliendea bawa lililo juu, wanalidaka ncha, wananing'inia kwa uzito wa miili yao mpaka lishuke na lile la pili linyanyuke. Wanashikilia hapo, sawasawa, mikono inatetemeka. Mwingine yuko chini ameinama na ule mguu wa chuma, anatafuta tundu lake kwa vidole, anausukuma, anaingiza pini. Anapiga kelele kwamba tayari. Wanahamia upande wa pili, wanarudia. Ndipo inapoweza kuvutwa.

Mimi ningekuwa yule wa pini. Andika hivyo, mwanangu, na ukimaliza itundike hapa tuisome.